Nani anahesabu ndege za Lualaba?

Bandugu na bandada wa Kolwezi, wa Fungurume, wa Likasi, na ninyi wote wenye munasoma hii ukurasa juu ya telefone ya kioo cha kupasuka sawa yangu,

Babu yangu alikuwa mufanyakazi wa Gécamines, na wakati wa pansio akajenga Kasulo. Mu chumba yake kulikuwa mukebe mudogo wa chuma, ule wa tumbako. Ndani aliweka karte yake ya kazi, makuta ya wakati wa Mobutu, picha moja ya nyanya, na kipete kimoja cheupe cha chuma chepesi, kikubwa kupita kidole. Siye batoto tulikuwa tunamusumbua atuonyeshe. Juu yake kuliandikwa namba, na neno moja lenye hakuna mutu wa nyumba alijua kusoma: Vogelwarte. Babu alisema paka vile: «Ilitoka ku muguu ya korongo. Tulimupiga pembeni ya Lualaba, tukamukula na bukari. Nyama yake ilikuwa nguvu sawa kamba.»

Mu 2014, munajua wote, mutu mumoja wa kartiye alichimba mu parsele yake akakutana na mabwe ya kobalti. Kiisha miezi michache Kasulo haikukuwa tena kartiye, ilikuwa shimo karibu ya shimo. Walichimba chini ya majiko, chini ya vitanda, chini ya vyoo. Parsele ya babu pia ilichimbwa. Mu 2017 sehemu moja ya kartiye ikazungushiwa ukuta, familia zikahamishwa. Mu ile fujo ya kubeba mabati na magodoro, mukebe ulipotea. Nafikiri uko chini ya udongo fulani, ao mutoto fulani aliuokota akauchezea.

Miye nilisoma biolojia. Njo mu mwaka wa pili nilijua maana ya lile neno: ni kituo cha kuangalia ndege, kwa Kijeremani. Kuko mutu kule Ujeremani alishika lile korongo ndani ya kiota, likiwa mutoto, akalivalisha pete, akaandika namba mu daftari, akangoja. Alikuwa anataka kujua linaenda wapi. Jibu lilikuwa Kasulo, mu mukebe wa tumbako, miaka makumi mingi, na hakuna aliyemutumia. Leo miye nakumbuka paka namba mbili za mwisho. Zile haziwezi kusaidia mutu.

Naandika hii habari ju ndani ya harakati yetu tumeamua kuanza kutoka kila mwezi na vijana wa muji kwenda kuangalia ndege na kuzihesabu. Ndege wa manyoya, siseme ile ya kwenda Kinshasa. Tangu tulisema vile, bandugu wengi wameandika. Wengine wamecheka. Mumoja aliandika: «Batu banakufia mu mashimo, na munye muko naangaria bandege?» Ni ulizo la haki, na nitalijibu, lakini acheni kwanza nieleze kazi yenyewe.

Zamani batu wa Ulaya hawakujua korongo zao zinaenda wapi wakati wa baridi. Wengine walisema zinalala ndani ya matope ya maziwa. Kiisha, mu 1822, kule kaskazini ya Ujeremani, walipiga korongo moja wakakuta mukuki wa Afrika umepita mu shingo yake, mukuki wa karibu sentimita 80. Lile korongo lilibeba silaha ya muwindaji wa huku mpaka kule, na lingali mu muji wa Rostock mpaka leo, na mukuki wake. Hakuna aliyeandika jina la yule muwindaji. Lakini yeye njo alibapatia jibu, bila kutaka: ndege zao zinakuja kwetu. Kwa maneno ya mutu wa Kolwezi naweza kusema zinakuja nyumbani, kiisha zinaenda Ulaya kuzaa ju chakula iko mingi wakati ule na siku ni ndefu.

Pete ni njia ya kupata lile jibu bila mukuki. Mu 1899 mwalimu mumoja wa Denmark, Hans Christian Mortensen, wa muji wa Viborg, alivalisha ndege pete za aluminiumu zenye namba na anwani. Mbele yake alijaribu pete za zinki, zikakuwa nzito sana, akaziacha. Tangu pale kazi haijabadilika sana. Asubui mapema, mbele ya jua kupanda, banafunga nyavu za uzi mwembamba kati ya miti miwili, ndege haizione. Kila dakika 20 ao 30 lazima kupita, ju ndege ikikaa mingi mu wavu inaweza kufa kwa baridi ao kwa jua. Banaitoa polepole, banaiweka mu kifuko cha pamba, banapima bawa, banapima kilo (kilo ni neno tu, mbayuwayu muzima ana gramu karibu 20, kama funguo mbili tatu mu mufuko), banaangalia manyoya kujua ni mukubwa ao kijana wa mwaka, banavalisha pete, banaandika, banaachilia. Yote inafanyika mu dakika chache. Ile ndege ikikamatwa tena, ao ikikutwa imekufa, fasi yoyote ya dunia, namba inaleta habari: ilitoka wapi, imeishi miaka ngapi, inarudi mu kichaka kile kile ao hapana.

Afrika ya Kusini iko na biro ya ile kazi tangu 1948, leo inakaa mu université ya Cape Town. Kenya, mu mbuga ya Tsavo Magaribi, fasi banaita Ngulia, tangu 1969 kuko batu banangojea usiku wa giza na ukungu, mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili, ju taa za hoteli zinavuta ndege zenye kusafiri usiku. Pale wamevalisha pete malaki ya ndege zenye kutoka Ulaya na Asia, na namba zingine zimesikilika mpaka Urusi na Arabia. Na sisi? Zile ndege zinapita juu ya mabati yetu. Mwezi wa kumi na moja mvua ikikuwa imeanza, angalia juu ya waya za SNEL: mbayuwayu zimejipanga sawa batu wanangoja kulipwa. Zimetoka Ulaya. Hazikuomba viza.

Sasa tuje ku lile ulizo.

Miye nimezika kijana wa avenyu yetu. Miaka kumi na tisa. Shimo ilimufunga, wakamutoa siku ya tatu. Siwezi kusema ndege ina bei sawa yake, na mwenye atasema vile hajakaa Kasulo. Lakini angalieni vile huu muji unahesabu. Gunia la mabwe linahesabiwa. Asilimia ya kobalti ndani ya mabwe inahesabiwa, na mashini ya depo, yenye siye wote tunajua inadanganyaka. Kamio zenye kutoka na mali zinahesabiwa, na zenye kuingia na asidi. Inchi yetu inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia yote, na ile asilimia munaisikia kila siku mu redio. Lakini uliza: mashimo ya Kasulo ilikuwa ngapi? Batu wangapi walifia ndani? Batoto wangapi wanakohoa? Miti ngapi ilikuwa kati ya hapa na Nzilo mbele ya makala? Samaki gani ilikuwa mu Musonoie? Kwa ile yote jibu ni mikono juu. Bitu vyenye havihesabiwe njo vile vyenye vinapotea bila kesi. Huwezi kwenda mbele ya tribinali kusema «kulikuwa mingi». Juji atauliza ngapi, wapi, siku gani, nani aliandika.

Mu 2018 madoktere wa Lubumbashi na wa Leuven walitoa uchunguzi juu ya Kasulo yetu, mu gazeti kubwa ya sayansi. Walipima damu na mukojo wa wakaaji, walipima vumbi ya nyumba. Walikuta kobalti mingi kupita ile ya batu wa kartiye ya mbali, na zaidi mu mwili wa batoto. Siye tulikuwa tunasema ile miaka mine bila mutu kusikia. Walipokuja na namba, dunia ikaandika. Sifurahie kwamba inakuwa vile, lakini njo vile iko.

Na ndege ni kipimo chenye hakiombe batri. Wachimbaji wa makaa kule Uingereza walishuka na ndege wa manjano mu kitundu, kanari, ju mwanasayansi John Scott Haldane alionyesha kwamba ndege inapumua haraka kupita mutu, na hewa ya sumu ikija inaanguka mbele. Ile ilidumu mpaka 1986. Kreseri wa Kasulo hana kanari, hana mashini, ana kandela na rafiki wa juu mwenye kuvuta kamba. Simwambie atafute ndege ya kushuka nayo. Nasema kwamba hata juu ya udongo, ndege njo inatangulia. Maji ikiharibika, vidudu vinakufa, ndege ya kula vidudu inahama, na mutu wa kartiye anajua kiisha, wakati mutoto anaanza kujikuna. Kama tulikuwa na daftari la miaka kumi la ndege za pembeni ya Musonoie, leo tungekuwa na kitu cha kuweka juu ya meza ya bakubwa. Hatuna ata ukurasa moja.

Munafikiri bakubwa wa elimu wanajua na ni siye tu hatujue? Sikieni. Pembeni ya muto Lualaba na ziwa Upemba kunaishi ndege mudogo wa kula mbegu za majani, alama nyeusi karibu ya macho, jina lake la kitabu ni Estrilda nigriloris. Chapin, Mumarekani, alimupa lile jina mu 1928. Haijulikane fasi ingine ya dunia, ni wa kwetu tu. Na kiisha 1950 ilipita miaka makumi na makumi bila mutu kuandika kwamba alimuona. Alikuwa amekwisha? Ao hakuna aliyeenda kuangalia? Haya mawili si kitu kimoja, lakini mu vitabu yanafanana.

Ku upande wa Likasi, ziwa Tshangalele, lile la barage ya Mwadingusha: kuko ndege wa manjano mwenye kusuka kiota juu ya maji. Ruwet alimuona 1960. Kiisha uhuru, vita, mambo. Mu 1982 tu njo wanasayansi wakaandika kwamba ni aina ya peke yake, wakamuita Ploceus ruweti. Mu 2009 wakamukuta tena pale pale ku ziwa. Waliandika mu Kingereza kwamba amepatikana tena. Wavuvi wa pale, miye nafikiri, walicheka sana: nani alikuwa amemupoteza?

Na tausi wa Kongo, mwenye leo tunamuweka mu vitabu vya shule kwa majivuno: Chapin huyo huyo alipata unyoya wake mu Ituri 1913, juu ya kofia ya mutu. Miaka 23 hakujua ni wa ndege gani. Jibu alilikuta 1936 mu museo ya Tervuren, Ubelgiji, mu kabati, kuko ndege wawili wa kukaushwa wenye walikuwa wameandikiwa kwamba ni tausi batoto wa Uhindi! Mwenye kofia alijua. Hakuna aliyemuuliza vizuri.

Njo pale nakuja ku siye, bandugu wa diplome. Kolwezi iko imejaa vijana wenye walimaliza biolojia, agronomi, jeolojia, mazingira, na wako mu nyumba ya bazazi wanachaji telefone. Miye niko mumoja. Miaka miwili nimepeleka madosie. Fasi moja waliniomba uzoefu wa miaka mitano, na nilikuwa na miaka 24. Fasi ingine mulinzi wa mulango alichukua bahasha yangu, akaipima uzito, akauliza kama ndani muko «kitu». Sasa nauzisha unité na kufundisha batoto wa jirani hesabu. Siandike hii mutulilie. Naandika ju mu kampuni nyingi kuko kazi ya lazima ya sheria, ya kuchunguza mazingira mbele ya kufungua karieri na wakati wa kuchimba, na mara mingi inafanywa na mutu wa kutoka mbali, mwenye anakaa siku chache wakati wa kiangazi, wakati mbayuwayu na korongo za Ulaya hazikuko, kiisha anaandika liste na anapanda ndege ile ingine. Vijana wa hapa wangeweza kwenda mwaka muzima, mvua na jua.

Tulijaribu. Samedi moja ya mwezi wa kumi na moja tulitoka batu kumi na moja, kwa miguu, mbele ya saa kumi na mbili asubui. Tulikuwa na darubini moja, ile tunaitaka jimeli, ya mujomba wa rafiki, jicho moja halione. Tulikuwa na daftari la mistari na kitabu cha ndege mu PDF, kwa Kifransa, chenye kinachukua dakika nzima kufunguka. Tulishuka mpaka fasi ya majani marefu yenye maji inasimama. Ku mwanzo tuliona paka kunguru, ile ya kifua cheupe, na dada mumoja akasema kama ni kunguru angebaki kulala, ziko juu ya choo yao. Kiisha jua likatoka.

Sijue kueleza vile ilikuwa. Yangeyange zilipita, nyeupe, juu ya kilima cha udongo wa mugodi. Ndege ya kichwa sawa nyundo ilikuwa inatembea mu matope kama mutu wa madeni, anaangalia huku na huku. Mu muti mumoja wa pembeni kulikuwa viota zaidi ya tulivyoweza kuhesabu, na makelele sawa soko la Manika. Tukabishana: ni aina moja ao mbili? Wanaume manjano, wanawake rangi ya majani makavu, kitabu kinaonyesha zaidi ya kumi zenye kufanana. Miye mwenye diplome nilikuwa napindua PDF, jasho.

Pale karibu kulikuwa mutoto wa miaka kumi hivi, lastiki ya kupigia ndege mu shingo, mu mufuko vijiwe. Alikuwa anatuangalia na huruma. Akasema: «Papa, hii hapana hii. Hii ya macho mwekundu inashonaka karibu na maji. Ile ingine inashonaka ku mingazi.» Alikuwa na majina ya Kisanga ya zote, alipewa na nyanya yake. Alijua ile ya kutaga mwezi gani, ile ya kula nini, na, ni kweli, ladha ya kila moja. Ndani ya saa moja daftari lilijaa kurasa tatu, na kurasa mbili zilitoka mu kichwa cha yule mutoto. Hasome. Anasafisha mabwe na mama yake siku za juma. Tulimuomba lastiki. Akakataa, na alikuwa na haki: haukuwe na kitu cha kumupa mu fasi yake. Tulimupatia jimeli. Alikaa nayo mpaka saa tatu, na siku ile hakupiga kitu.

Nairobi banafanya ile kila mercredi. Tangu 1971, Fleur Ng'weno alianza kuongoza matembezi ya asubui ya kuangalia ndege, yenye kuanzia ku museo, saa mbili na nusu, na mutu yeyote anaweza kuja. Zaidi ya miaka 50, mercredi kiisha mercredi! Mingi ya vijana wenye leo ni wanasayansi na baongozi wa watalii kule walianzia mu ile mistari, na viatu vya kuazima. Shirika lenye liko nyuma yake, Nature Kenya, lilianza 1909 wakati wa Waingereza; lingeweza kufa na ukoloni, lakini raia walilifanya lao. Siye hatutafuti museo. Tunatafuta juma moja ya mwezi na mutu wa kuandika.

Kuko kitu kimoja kinanisumbua na nataka kukisema. Leo mu Ulaya korongo zingine hazivae pete tu, zinabeba mu mugongo kimashini cha GPS, chenye kinatuma habari kila siku: niko Sudani, niko Tanzania, niko Kongo. Ndani ya kile kimashini kuko kabatri kadogo ka litiumu, na mu batri za namna ile mara mingi kuko kobalti. Kwa hiyo inawezekana kabisa korongo lipite juu ya Kasulo, limebeba mu mugongo unga wa mabwe yenye yalitoka chini ya kitanda cha babu yangu, na mutu wa mbali akione mu ordinatere, na siye wa chini tusijue ata kwamba limepita. Mabwe yetu yanajua njia ya ile ndege kupita siye.

Basi tunaomba nini? Tunaomba mambo yenye sheria imeisha kusema. Katiba, artikle 53: kila mutu ana haki ya mazingira safi, na ana lazima ya kuyatetea. Haki na lazima, yote mawili mu artikle moja. Sheria ya 11 mwezi wa pili 2014 juu ya kulinda viumbe iko. Kodi ya mugodi, tangu kode ya 2018, inagawanywa: 50 kwa mia inaenda Kinshasa, 25 ku provinsi, 15 ku muji na sekta za fasi yenye banachimba, 10 ku mufuko wa vizazi vyenye vitakuja. Tunaomba wakubwa wa muji watuambie, kutoka mu ile 15, mwaka huu iliingia ngapi na ilifanya nini. Jimeli kumi na pikipiki moja ya kufika Nzilo hazitamaliza ile feza. Tunaomba kila kampuni itoe mbele ya raia ile sehemu ya uchunguzi wake wa mazingira yenye inaongea viumbe, ndege, samaki, miti, mu Kifransa na mu Kiswahili, isibaki mu kabati. Tunaomba ICCN na wakubwa wa université za Lualaba na Haut-Katanga wafundishe hapa vijana kuvalisha ndege pete, na ruhusa ya kweli, na mwalimu wa kweli.

Ju hapa lazima nikaze: musinunue wavu ku soko mukaanza kukamata. Wavu mu mukono wa mutu hajafundishwa ni mutego tu, inavunja mabawa, na ni kosa mbele ya sheria. Mpaka siku ya mwalimu na ruhusa, siye ni macho, masikio na kalamu. Na bulimbo mu miti, wadogo zangu wa Kanina, ninyi munajua naongea na nani, tuongee kwanza. Hakuna atakayewapigia kelele. Yule mutoto wa lastiki njo mwalimu wetu sasa.

Wengine wanaogopa kwamba bakubwa watatumia hizi matembezi kusema vijana wametulia, wameacha madai ya maji na ya mashimo, wanacheza na ndege. Waseme. Daftari letu litakuwa na upande mwingine. Tukitembea tutaandika pia rangi ya maji, arufu, fasi kamio zinamwanga, fasi miti imekatwa, tarehe na saa. Mutu anayehesabu ndege anakaa fasi moja saa mbili, kimya, anaangalia. Wengi hawapende mutu wa namna ile akae karibu na bomba lao.

Samedi ya kwanza ya mwezi, saa kumi na moja na nusu ya asubui, ku kona ya ukuta, upande wa barabara. Kama mvua ni kubwa tutangoja iishe, haturudi. Vaeni viatu vya kufunga na nguo zenye haziwake. Leteni maji, kalamu, na kikapu cha kurudisha takataka zenu. Batoto wanaingia bila kulipa, na wakubwa pia. Mwenye anajua majina ya ndege mu Kisanga, mu Kilunda, mu Kichokwe, mu Kiluba, aje na nyanya yake kama anaweza kutembea, tutaleta kiti.

Na tafadhali, kabla ya ile siku: ulizeni bazee wa nyumba. Kama kuko mwenye anaweka kipete cha ndege mu mukebe, mu kitambaa, mu Biblia, musikitupe na musikiuze. Andikeni maneno yote na namba yote, pigeni picha pande zote, na mumuulize aliokota wapi, mwaka gani, ndege ilikuwa ya namna gani. Kile kituo cha Radolfzell, Ujeremani, kingali kinafanya kazi, na vya inchi zingine pia. Leteni, siye tutaandika barua.